Kati ya Eti na Kumbe: Mbwa wa Baskerville kutoka Riwaya hadi Filamu ya Mwaka 1939

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili madogo ambayo yanakaribia kuieleza riwaya nzima ya upelelezi. La kwanza ni eti, la pili ni kumbe. Msemaji anaposema eti, hulifikisha jambo kwa msikilizaji bila ya kulidhamini. Ananukuu tu, na dhima ya ukweli anamwachia aliyesema kwanza. Anaposema kumbe, hukiri kwamba alikuwa gizani na sasa ameona. Riwaya ya upelelezi huanzia penye eti na kuishia penye kumbe, na ufundi wa mwandishi umo katika kuirefusha njia iliyo baina ya maneno hayo bila ya kumdanganya msomaji.

Sinema haina maneno hayo katika chombo chake kikuu. Waigizaji waweza kuyatamka, lakini picha yenyewe haiwezi. Mbwa akionyeshwa anakimbia nyikani, basi amekimbia. Mhadhara huu unalichunguza tatizo hilo kwa kufuata kazi moja iliyo mashuhuri, riwaya ya Arthur Conan Doyle iitwayo The Hound of the Baskervilles, jinsi ilivyohawilishwa kuwa filamu na studio ya Twentieth Century-Fox ya Marekani mwaka 1939. Baadaye suala hilo hilo linapelekwa Unguja, kwa Bwana Msa, ambaye nasaba yake ya kifasihi inafika Baker Street na ambaye kisa chake cha kwanza kina mtego wa namna hiyo hiyo. Mtego hauchambuliki bila ya kuteguliwa. Kwa hiyo siri ya riwaya ya Doyle inafichuliwa humu, na ambaye hajaisoma ameonywa.

Neno moja kuhusu istilahi. Wataalamu hawajatulia juu ya jina la kazi ya kuigeuza riwaya kuwa filamu. Wapo wanaosema utohozi, lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka katika isimu, kwa maana ya kulivisha neno la kigeni sauti za Kiswahili. Wapo wanaosema tafsiri, nayo hudai uaminifu wa sentensi kwa sentensi ambao filamu haiwezi kuutoa wala haina haja ya kuutoa. Hapa linatumika neno uhawilishaji, kwa sababu kitenzi kuhawilisha kina ndani yake wazo la hawala: deni hubaki lile lile na mdai hubaki yule yule, ila anayelipa hubadilika. Katika riwaya ya upelelezi deni hilo linajulikana. Msomaji ameahidiwa kwamba dalili zote atapewa kabla ya jibu. Swali la kuiuliza filamu, basi, ni kama imelilipa deni hilo kwa sarafu yake yenyewe.

Riwaya na tabaka zake za usemi

Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893 katika maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi, kwa kuwa alimchoka. Wasomaji hawakumchoka. Riwaya ya mbwa ilipoanza kutolewa kwa mfululizo katika jarida la The Strand Magazine, Agosti 1901, ilibidi ichukuliwe kuwa ni kisa cha siku za nyuma, kabla ya kifo hicho. Mfululizo ulimalizika Aprili 1902 na kitabu kikatoka mwaka huo huo. Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Sir Charles Baskerville amekutwa amekufa karibu na nyika ya Dartmoor. Ukoo wake una hekaya ya mbwa wa kuzimu anayewaandama warithi. Mrithi mpya, Sir Henry, anawasili kutoka Kanada. Holmes anamtuma rafiki yake, Daktari Watson, aende kumlinda.

Wepesi huo ni wa juujuu. Yafaa kutazama jinsi hekaya ya mbwa inavyomfikia msomaji. Tukio lenyewe linasemwa kuwa lilitokea katikati ya karne ya 17, siku za Hugo Baskerville mwovu. Miaka mingi baadaye, katika hati yenye tarehe ya 1742, mtu wa ukoo huo anawaandikia wanawe yale aliyoyapokea kutoka kwa wazee. Hati hiyo imewekwa na ukoo, ikaingia mikononi mwa Daktari Mortimer, naye anaisoma kwa sauti sebuleni kwa Holmes. Watson anasikia na baadaye anaandika. Baina ya mbwa na msomaji pana walau wasemaji wanne, na kila mmoja anasema, kwa maana halisi ya neno, eti. Mwandishi wa Kiingereza hana neno fupi kama hilo, kwa hiyo analijenga kwa muundo mzima wa sura.

Kisha kuna jambo la barua. Kuanzia sura ya sita hadi karibu na mwisho wa sura ya kumi na moja, katika riwaya yenye sura kumi na tano, Holmes hayupo jukwaani isipokuwa pale kituoni anapomuaga rafiki yake. Anaaminiwa kuwa yuko London akishughulika na kesi nyingine. Sura ya nane na ya tisa ni taarifa ambazo Watson anamwandikia, na ya kumi ni dondoo za shajara yake. Wahakiki wengi wameuona mpango huu kuwa ni hila ya kumweka mpelelezi kando ili taharuki ipande, na hilo ni kweli. Hata hivyo mpango huo una kazi ya pili iliyo kubwa zaidi. Katika sura hizo mbili msomaji ameshika karatasi ile ile ambayo Holmes ameishika. Tofauti iliyobaki ni ya usomaji. Holmes, kama inavyodhihirika baadaye, alikuwa amejificha katika kibanda cha mawe huko huko nyikani, na barua zilikuwa zikipelekwa London na kurudishwa kwake. Kuna machache aliyoyaona kwa macho yake, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wa tabia za watu wa pale imo katika mwandiko wa Watson. Ni vigumu kupata katika fasihi ya aina hii mfano mwingine wa deni lililolipwa waziwazi kiasi hicho.

Ushahidi mmoja ndani ya barua hizo watosha kuwa mfano. Watson anaeleza kwamba Sir Henry alipojaribu kumposa Beryl, dada wa Stapleton mkusanya vipepeo, Stapleton alikuja mbio akiwa ameghadhibika kupita kiasi, ilhali kwa ndugu wa kike asiye na mali posa hiyo ingekuwa bahati kubwa. Watson anashangaa, anaandika mshangao wake, na anaendelea. Kumbe Beryl si dada. Ni mke wa Stapleton, na ghadhabu ile ilikuwa ya mume. Taarifa ilikuwa mezani tangu sura ya tisa.

Picha isiyojua kusema eti

Filamu ya 1939 iliongozwa na Sidney Lanfield kwa mswada wa Ernest Pascal, na ina urefu wa dakika 80 hivi. Basil Rathbone ni Holmes, Nigel Bruce ni Watson, na Richard Greene ni Sir Henry, ambaye ndiye aliyetangulizwa katika orodha ya waigizaji. Haikuwa ya kwanza kutokana na riwaya hiyo. Wajerumani walikwisha kutengeneza ya kimya mwaka 1914 na Waingereza nyingine mwaka 1921. Sifa yake mojawapo ni kwamba ilimrudisha Holmes katika zama za Malkia Victoria, wakati filamu nyingi zilizoitangulia zilimvisha mavazi ya zama zilimotengenezwa. Ilikuwa pia ya kwanza katika filamu 14 ambazo Rathbone na Bruce walicheza pamoja hadi mwaka 1946. Nyika yenyewe ilijengwa ndani ya studio huko California, pamoja na majabali na ukungu wake.

Riwaya inaanzia sebuleni, kwa fimbo ya kutembelea ambayo mgeni ameisahau. Holmes na Watson wanaigeuza mikononi na kukisia mwenyewe ni mtu wa namna gani. Ni mwanzo wa kitoto karibu, lakini unamfundisha msomaji kanuni ya kitabu: kitu kidogo, maneno mengi juu yake, makosa ya Watson, masahihisho ya Holmes. Filamu inaanzia nyikani usiku. Mzee anakimbia kwa hofu, mlio wa mbwa unasikika, mzee anaanguka na kufa.

Yawezekana kuutetea uamuzi huo. Mtazamaji amelipa kiingilio, giza limeingia ukumbini, na fimbo ya daktari si jambo la kumkaza mtu kitini. Lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika riwaya, kwamba mbwa yupo au hayupo ni swali. Kuna nyayo ambazo Mortimer peke yake aliziona na hakuzitaja mbele ya baraza la uchunguzi. Kuna mlio ambao Stapleton anausingizia matope na ndege wa kinamasini. Kuna wakulima wanaosema hili na lile. Msomaji anapimishwa mashahidi. Katika filamu mtazamaji ni shahidi mwenyewe kabla hata hajamwona Holmes. Ameusikia mlio. Kilichobaki ni kujua mbwa ni wa nani, na hilo ni swali dogo kuliko la kwanza.

Hekaya ya Hugo inatendewa vivyo hivyo. Mortimer anaifungua hati, anaanza kusoma, na picha inaingia katika kisengerenyuma: Hugo, akiigizwa na Ralph Forbes, karamu ya walevi, msichana anayetoroka, farasi, nyika, kifo. Waongozaji wa zama hizo walikuwa na desturi ya kuuzungushia uzio mdogo usimulizi wa namna hiyo, ukurasa ukionekana kwanza na sauti ya msomaji ikisikika juu ya picha. Uzio huo ndio eti ya filamu, lakini ni uzio wa miti mikavu. Mara tu watu wa karne ya 17 wanapoanza kutembea na kupumua, wana uhakika ule ule alionao Holmes aliyeketi kitini mwake. Uso wa Forbes haukuwekwa dalili ya kusema kwamba mambo haya yamepitia vinywa vya watu wengi. Msomaji wa Doyle anaweza kuitupa hati ya 1742 kama alivyoitupa Holmes, aliyesema maana yake kwamba ni ya kuwafaa wakusanyaji wa ngano. Mtazamaji hawezi kukitupa alichokiona.

Hapa pana jambo la ziada ambalo wahawilishaji hulazimika kulitatua wapende wasipende. Riwaya inafungua fumbo kwa njia ya picha ya ukutani: Holmes anaiziba kofia na nywele za Hugo kwa mkono, na uso uliobaki ni wa Stapleton. Mkusanya vipepeo ni Baskerville, naye anautaka urithi. Kwa mwandishi wa riwaya hii ni sehemu ya raha, kwa kuwa maneno hayana sura. Nyuso mbili zimekuwa zikielezwa kando kando na hakuna aliyeziona zikifanana. Mwongozaji wa filamu, akiwa ameamua kumwonyesha Hugo akiwa hai, amejifunga mwenyewe. Akimpa mwigizaji mmoja nafasi zote mbili, mtazamaji mwerevu atalijua jibu katika robo saa ya kwanza. Akiwapa wawili, kama ilivyokuwa mwaka 1939 ambapo Stapleton aliigizwa na Morton Lowry, basi mfanano wa damu unabaki kuwa madai ya mchoraji tu. Kila njia ina hasara.

Na mbwa mwenyewe? Doyle alimpaka fosforasi ili midomo na macho yake yawake gizani, na alipokwisha kumwelezea kwa sentensi chache aliwaachia wasomaji kazi ya kumkuza. Filamu ilimleta mbwa mkubwa tu, asiyewaka. Filamu ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Terence Fisher kwa kampuni ya Hammer, Peter Cushing akiwa Holmes, ilikuwa na rangi, ikamvisha mbwa barakoa. Malalamiko juu ya mbwa huyo yamerudiwa karibu kila kazi hii inapopigwa picha upya, na haielekei kwamba tatizo ni uhaba wa fedha au mafundi. Mbwa wa riwaya ana ukubwa wa hofu ya yule anayesoma, na hakuna mkufunzi wa wanyama anayeweza kumleta huyo studioni.

Mtu aliyepotewa na sauti

Nigel Bruce amelaumiwa sana. Inasemwa kwamba alimfanya Watson kuwa mzee mjinga, mtu wa kubabaika na kuguna, na kwamba taswira hiyo ilikaa vichwani mwa watu kwa miongo mingi. Lawama hiyo ina haki kuhusu baadhi ya filamu za miaka ya 1940. Katika ile ya 1939 Bruce ana utulivu zaidi, na yapo maonyesho ambamo Watson wake ni askari mstaafu wa kuaminika. Hata hivyo kuporomoka kwa Watson hakukuanzia kwa mwigizaji. Kulianzia pale sauti yake ilipoondolewa.

Katika riwaya mna Watson wawili. Yupo anayetembea nyikani na kukosea, na yupo anayeandika baadaye akiwa anajua yote. Wa pili hamfichui wa kwanza, lakini uwepo wake unasikika katika mpangilio, katika uamuzi wa kunakili barua kama zilivyokuwa bila ya kuzisahihisha, na katika uungwana wa kukiri kila kosa. Msomaji anamheshimu Watson kwa sababu anamsikia huyu wa pili. Filamu imemchukua wa kwanza peke yake. Mtu asiyejua, akitazamwa kutoka nje, bila ya sauti ya mtu yuleyule aliyekwisha kujua, ana njia mbili tu: awe pambo au awe kichekesho. Bruce alichagua la pili, na ni heri kuliko la kwanza.

Barua nazo zilikwenda na sauti. Pengo lao lilijazwa kwa tukio ambalo halimo katika riwaya: mke wa Daktari Mortimer, ambaye katika filamu ana kipawa cha kuwasiliana na wafu, anaongoza kikao cha kuwaita, na watu wote wa nyikani wameketi katika duara gizani. Msomaji wa pwani atakikumbuka kilinge. Watetezi wa Doyle wamekichukia kikao hiki, na sababu yao yafahamika. Lakini kwa upande wa ufundi ni uamuzi bora kuliko yote ya mswada huo. Barua za Watson zilikuwa orodha ya nyuso: huyu ana siri, yule ana hasira, mtumishi mkuu na mkewe hutembea usiku. Kikao kinazikusanya nyuso hizo mahali pamoja na kumpa mtazamaji ruhusa ya kuzikagua moja moja. Hapa filamu imelipa kwa sarafu yake. Aliyeketi gizani ukumbini anafanya kazi ambayo msomaji aliifanya kwa kupitia barua, na hakuna anayemwambia amtazame nani.

Badiliko jingine linalohusu kazi ya macho ni lile la mtu wa mwambani. Katika riwaya Watson anaona kivuli cha mtu mrefu amesimama juu ya mwamba, mwezi ukiwa nyuma yake. Kivuli kinatoweka, na msomaji anakaa nacho kwa sura kadhaa hadi itambulike kwamba ni Holmes. Filamu imemleta mchuuzi mzee anayechechemea, ambaye Watson anamtilia shaka, kumbe ni Holmes aliyejigeuza. Ni mzaha mzuri, na Rathbone anaufurahia. Lakini kivuli kilikuwa cha kutisha kwa sababu hakikusema neno, na ni ajabu kwamba sanaa ya picha iliacha picha iliyokwisha kuandaliwa, ikachagua maneno.

Dada, mke, na kiatu kimoja

Kiatu kimehifadhiwa. Sir Henry akiwa hotelini London anaibiwa kiatu kimoja kipya ambacho hajakivaa. Kisha kinarudishwa, na badala yake kinaibiwa cha zamani. Mwizi alihitaji harufu ya mtu ili ampe mbwa, na kiatu kipya hakina harufu. Dalili hii inavuka kutoka kitabuni hadi sinemani bila ya kulipa ushuru wowote, kwa kuwa ni kitu, na kitu hakihitaji msimulizi. Atakayetaka kujua ni dalili zipi zitakazosalimika katika uhawilishaji na aanzie hapo.

Beryl hakusalimika. Filamu imemfanya dada wa kambo wa kweli, asiye na hatia wala siri, ili aolewe na Sir Henry mwishoni. Tangu mwaka 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zikisimamiwa kwa ukali, na mapenzi ya Sir Henry na mwanamke ambaye kumbe ni mke wa mtu yangeleta mjadala. Isitoshe, studio ilikuwa na kijana mzuri wa kumtangaza. Laura Lyons, mwanamke wa pili ambaye Stapleton alimhadaa kwa ahadi ya ndoa, ameondolewa kabisa. Matokeo yake ni kwamba Stapleton wa filamu ni mwuaji mwenye mbwa. Stapleton wa Doyle ni mtu aliyemgeuza mke wake kuwa chambo, akampiga, na usiku wa mwisho akamfunga kwenye nguzo. Kosa la filamu halikuwa la kimaadili tu. Ilipomfanya Beryl dada, ile ghadhabu ya sura ya tisa haikuwa na kazi tena, na dalili nzuri kuliko zote katika riwaya ikapotea pamoja na uovu uliokuwa nyuma yake.

Mwishoni Stapleton wa filamu anamnasa Holmes katika shimo anamofugiwa mbwa, anajaribu kumnywesha sumu Sir Henry, anafichuliwa mbele ya watu, na anakimbilia gizani. Haonyeshwi akifa. Jambo la kuchekesha ni kwamba Doyle naye hakumwonyesha: riwaya inasema tu kwamba, kama ardhi haikudanganya, kinamasi kilimmeza. Kwa mara moja kitabu na filamu zimekubaliana kuacha eti mahali pake. Holmes wa filamu anaondoka akimwomba Watson sindano, yaani kokeini, ambayo haimo katika riwaya hii. Ilitoka katika The Sign of Four ya mwaka 1890, na ni ajabu kwamba wakaguzi waliolinda ndoa ya Stapleton waliiacha ipite.

Bwana Msa na mzimu

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na kwayo Bwana Msa, mwenye kiko chake na sahibu yake Najum, aliingia katika fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wamekwisha kuonyesha mara nyingi kwamba mfano wake ni Holmes, na hakuna haja ya kuurudia ushahidi. Lililosemwa kwa uchache ni kwamba kisa hiki cha kwanza kinashabihiana na riwaya ya mbwa kuliko hadithi nyingine yoyote ya Doyle: mtu amekutwa amekufa mahali ambapo watu wanapaogopa, na maelezo ya kuzimu yako tayari kabla mpelelezi hajafika.

Tofauti iko katika uzito wa maelezo hayo. Hekaya ya Baskerville ni ya ukoo mmoja, imefungwa katika hati, na hata wanaoiogopa wanaona haya kidogo kuisema. Mzimu wa Abdulla si wa kwenye karatasi. Ni wa majirani, wanaoupelekea nadhiri, na mpelelezi anayeukana hamkani bwana mmoja aliyekufa mwaka 1742 bali watu anaokunywa nao kahawa. Kwa sababu hiyo eti ya riwaya hii ni ngumu zaidi kuishika. Ikilegezwa, Msa ataonekana mtu wa dharau. Ikikazwa, mzimu utakuwa kichekesho tangu ukurasa wa kwanza na hakutakuwa na kumbe.

Mwongozaji atakayeihawilisha riwaya hii hatakuwa na kilinge cha kubuni, kimo tayari. Hatari yake itakuwa ile ya Lanfield. Akionyesha mzimu ukitenda, hata kwa nusu dakika, hata katika kisengerenyuma kilichozungushiwa uzio, atakuwa ametoa ushahidi mahakamani kwa niaba ya mzimu, na Bwana Msa atatumia saa nzima iliyobaki akibishana na macho ya watazamaji. Lakini ana akiba ambayo Hollywood haikuwa nayo. Mpelelezi wa Abdulla ni mtu wa mazungumzo. Ujanja wake uko katika kuuliza, kunyamaza, kuzungusha maneno na kumwachia mwenziwe aseme zaidi ya alivyokusudia, na Kiunguja cha mabishano hayo hakipotei mbele ya kamera. Kamera inayokaa kwa msemaji mmoja, ikasikiliza, inaweza kuiacha eti kinywani mwake bila ya kuigeuza kuwa tukio.

Msimulizi wa kibandani

Kuna mahali pamoja ambapo Waswahili walilikabili tatizo hili kwa vitendo, bila ya nadharia. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii, na katika kanda na diski zilizouzwa mitaani, wasimulizi waliojulikana kwa majina kama Lufufu na DJ Mark walirekodi sauti zao juu ya filamu za Marekani, India, Hong Kong na Nigeria. Sauti za waigizaji zilififizwa na ya msimulizi ikapanda. Alifasiri, lakini pia aliwapa wahusika majina, alieleza wanachofikiri, aliwaonya, aliwacheka, na aliruka pale alipoona panachosha. Wasomi wa tafsiri walio wakali hawakufurahishwa na uhuru huo.

Kwa mujibu wa hoja ya mhadhara huu, msimulizi wa kibandani alikirudisha kile ambacho filamu ilikinyang'anya kitabu. Alikuwa mtu aliyekwisha kuitazama filamu hadi mwisho, akiwasimulia wasioitazama, akichagua la kusema na la kuficha. Kazi hiyo ndiyo ya Watson wa pili, yule anayeandika akiwa anajua. Filamu ya Lanfield ikiwekwa mbele ya msimulizi wa namna hiyo, Hugo atakimbiza farasi nyikani kama kawaida, mbwa atamrukia koo kama kawaida, na sauti itasikika juu ya picha ikisema kwamba eti mbwa huyo alitoka kuzimu.